Mishale Mitatu ya Mzee Gidion Koikai

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Arafa Mkwizu. Jioni hii tunamkumbuka mtu wa huku kwetu, Mzee Gidion Koikai wa Oldonyo Sambu. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na mbili. Alizikwa Ijumaa. Watu walikuwa wengi mno, mpaka mchungaji akalazimika kusimama juu ya gogo ili aonekane.

Wengi wenu mlimjua kama fundi mita. Ikiwa uliishi Arusha mjini, na mita ya umeme ikakushangaza, huenda aliyekuja kupiga hodi ni yeye: mzee mrefu, kofia ya sufu, penseli nyuma ya sikio. Alikuwa haondoki mpaka uelewe. Hata kama chai imepoa. Hata kama umeshasema "nimeelewa" mara tatu.

Lakini kazi hiyo aliianza zamani sana. Aliianza enzi za Mjerumani, na aliianza kwa hofu. Mwaka 1912 alimwokoa mtu kutoka kwenye kiboko na mnyororo, na silaha yake ilikuwa mchoro wa mishale mitatu juu ya karatasi. Hayo ndiyo nitakayowasimulia.

Juzi Alhamisi nilipanda Oldonyo Sambu na kinasa sauti changu. Vumbi lilikuwa la kutosha. Mjane wake, Mama Resiato, alinipokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Keti, mwanangu. Nalepo ndiye anayejua habari za umeme. Mimi najua habari za mwenye umeme."

Nalepo ni binti yao wa pili. Ni mwalimu. Mengi nitakayowaambia nimeyapata kwake, naye aliyapata kwa baba yake, ambaye aliyasimulia bila kujipamba.

Gidion Koikai alizaliwa yapata mwaka 1892, mtoto wa wafugaji Waarusha. Misheni ya Kilutheri ilipofungua darasa, yeye alikwenda. Wenzake walikwenda kwa sababu ya shati walilopewa huko. Yeye alikwenda kwa sababu ya rula. Nalepo anasema, "Baba alituambia, siku ya kwanza alipoona mstari ulionyooka kabisa, alidhani ni mchezo wa macho. Porini hakuna kitu kilichonyooka namna ile." Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Akabatizwa, akaitwa Gidion. Na mkono wake ulikuwa safi. Alichoandika yeye kilisomeka.

Mkono huo ndio uliompatia kazi. Juu ya mji, kwenye mteremko wa Meru, mlowezi mmoja alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Mlowezi huyo alijenga mtambo wa umeme kando ya kijito. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha jenereta, na umeme ukashuka kwa waya juu ya nguzo, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mpaka kiwandani. Ulikuwa umeme wa fezi tatu. Yaani waya tatu za moto, kila moja na zamu yake, na waya moja ya kurudia.

Mtambo ulikuwa chini ya fundi mkuu Mjerumani, Bwana Kessel. Bwana Kessel alihitaji mtu wa kunakili michoro yake, maana karatasi ziliharibika kwa unyevu. Akaletewa Gidion, kijana wa miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza, kuchora upya alichochora bwana, na kuandika daftarini namba za mita.

Na kulikuwa na mchoro mmoja aliounakili mara nyingi kuliko yote. Nukta katikati. Kutoka kwenye nukta hiyo, mishale mitatu inakwenda pande tatu, imeachana sawasawa, kama mafiga matatu ya jikoni. Alinakili miezi minne bila kujua ni kitu gani. Mwishowe akauliza.

"Bwana, mishale hii inalenga nini?"

Siku hiyo Bwana Kessel alikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa amepata barua kutoka kwao. Akamjibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kila mshale ni waya moja. Urefu ni nguvu kiasi gani. Upande unaoelekea ni zamu yake, imefika lini. Unafahamu?"

"Nafahamu, Bwana."

"Hufahamu. Kaa."

Wakakaa mpaka saa nane mchana. Bwana Kessel akamweleza kwamba kila waya ina mishale miwili. Mmoja ni wa msukumo, unaousukuma umeme. Wa pili ni wa mkondo, yaani umeme wenyewe unaokwenda. Mishale hiyo miwili ikielekea upande mmoja, mita inahesabu na kujumlisha. Mota za kiwandani huufanya mshale wa mkondo uchelewe kidogo nyuma ya ule wa msukumo, kama ndama nyuma ya mama yake. Haidhuru. Mita bado inajumlisha. Lakini mkondo ukionekana kugeuka, ukaelekea kinyume cha msukumo, mita haijumlishi tena. Inatoa.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo moja tu. Mishale ikielekea pamoja, mita inajumlisha. Ikipingana, mita inatoa. Mzee Gidion alisema ukishajua hilo, mengine ni uvumilivu.

Sasa, mtambo ule ulikuwa na mita mbili. Ya kwanza ilikuwa juu, kwenye jenereta, kuonyesha umeme uliotumwa. Ya pili ilikuwa chini, kiwandani, kuonyesha umeme uliofika. Kila wiki Gidion aliandika namba zote mbili. Zilikaribiana siku zote.

Na kati ya mita hizo mbili, mwangalizi wa waya alikuwa Shomari, mtu wa Pangani aliyekuja bara na misafara akaoa na kukaa mjini. Shomari alipanda nguzo, alifukuza mbega, alikata matawi, na tembo wakiangusha nguzo aliisimamisha. Alikuwa mcheshi. Akimpita Gidion mezani alimwita "Karani wa Mishale."

Mwezi wa kumi mwaka 1912, maji ya mvua yaliingia kwenye mita ya kiwandani. Bwana Kessel akaifungua, akaikausha, akaifunga tena kwa mkono wake mwenyewe. Kuanzia hapo namba zikaachana. Juu zimetumwa uniti tisini na tatu. Chini zimefika thelathini na moja. Wiki iliyofuata, juu themanini na saba, chini ishirini na tisa. Wiki ya tatu, tisini na sita, na thelathini na mbili.

Umeme mwingi unapotea njiani. Na njiani kuna nani? Kuna Shomari.

Jirani wa kiwanda kile, mlowezi mwingine, alikuwa amefunga pampu mpya ya maji. Bwana Kessel akaamini kwamba Shomari amemuunganishia waya kwa siri. Chumba cha Shomari kikapekuliwa. Kikapatikana kipande cha waya wa shaba, urefu wa mkono. Shomari akasema, "Hiki ni cha kufungia waya kwenye vikombe vya nguzoni. Kila mtu anajua." Hakuna aliyesikiliza. Jumatano akakamatwa. Afisa mmoja wa Kijerumani akatoa hukumu: viboko ishirini na tano Ijumaa ile, viboko ishirini na tano vingine baada ya wiki mbili, kisha miezi sita ya mnyororo, kutengeneza barabara.

Wasikilizaji wapendwa, nirudie. Ishirini na tano Ijumaa. Ishirini na tano tena baada ya wiki mbili. Kisha mnyororo.

Alhamisi, Gidion alikuwa mezani, ananakili namba zile kwenye daftari safi. Hapo ndipo mkono wake ukasimama. Nimemwomba Nalepo aeleze kama baba yake alivyoeleza. Msikieni:

"Baba alisema, nilitazama thelathini na moja, nikaizidisha kwa tatu. Tisini na tatu. Nikatazama ishirini na tisa. Mara tatu, themanini na saba. Thelathini na mbili mara tatu, tisini na sita. Kila wiki theluthi moja kamili. Nikajiuliza, ni mwizi gani huyu anayeiba kwa rula?"

Aligundua Alhamisi. Shomari alipigwa Ijumaa. Na Alhamisi ile Gidion hakusema neno.

Sitaki kumpamba marehemu, na yeye mwenyewe hakutaka. Aliogopa. Mita ilifungwa na Bwana Kessel. Kusema mita ina kasoro ni kusema Bwana Kessel amekosea. Na hakuwa na hakika. Alikuwa na namba tu, hakuwa na sababu. Basi akanyamaza. Ijumaa saa nne asubuhi wafanyakazi wote waliitwa kushuhudia, na yeye alisimama mstari wa pili. Alihesabu mpaka ishirini na tano.

Nalepo anasema, "Baba alikuwa akifika hapo anatoka nje. Tulijua tumwache."

Kuanzia siku hiyo alichora. Alichora mchana Bwana Kessel akitoka, alichora nyumbani kwa kijiti kwenye majivu. Alianza na mishale mitatu ya msukumo, kisha akaweka mishale mitatu ya mkondo. Akajaribu. Mshale mmoja wa mkondo ukifa? Inabaki miwili kati ya mitatu. Siyo. Mishale miwili ikifa? Unabaki mmoja kati ya mitatu. Hiyo ni theluthi. Akafurahi. Kisha akajaribu jambo jingine. Mishale yote iko hai, lakini mmoja wa mkondo umegeuzwa. Miwili inajumlisha. Mmoja unatoa. Mbili kutoa moja, moja. Theluthi tena!

Sasa alikuwa na majibu mawili, na lililo kweli ni moja. Ama koili mbili za mita, yaani vile vizingo vya ndani ambavyo kila kimoja hupima waya moja, zimekufa kwa maji, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Ama waya za koili moja zimefungwa kinyume, ya kuingia mahali pa kutokea. Na aliyezifunga ni Bwana Kessel. Lakini kwa vyovyote vile, umeme ulikuwa unafika wote. Hakuna aliyeiba kitu.

Alichukua siku kumi kufika hapo. Jumatatu asubuhi alivaa shati lake la ibada, akaweka karatasi mbele ya Bwana Kessel.

"Hii nini?"

"Mita ya kiwandani, Bwana. Nadhani haisemi kweli."

Bwana Kessel aliitazama karatasi muda mrefu. Kidole chake kilifuata mshale mmoja mpaka kwenye ncha, kikarudi kwenye nukta.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Ni wewe, Bwana."

 Nje msumeno ulikuwa unalia. Gidion akaongeza, "Tunaweza kujaribu kwa taa. Waya moja, halafu moja, halafu moja. Sahani ya mita itatuonyesha. Saa moja inatosha. Na Shomari amebakiwa na siku nne."

Bwana Kessel akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Rudi kazini," akasema.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tungerudi kazini kweli. Tungesema nimejitahidi. Gidion alirudi mezani, akachukua karatasi nyingine, akachora upya. Mchoro alikuwa anaujua kwa moyo.

Mwenye kiwanda alikuwa amesafiri kwenda Moshi. Alirudi Jumatano. Gidion alimngoja kwenye ngazi za nyumba yake. Askari wa mlangoni akamwambia aondoke. Hakuondoka. Mlowezi yule alikuwa mtu mkali, na hakujali mambo ya Shomari. Lakini alijali mashine zake. Gidion alilijua hilo, akaanza na hilo.

"Bwana Mkubwa, mita yako inakudanganya kila siku. Nikupe ushahidi kesho mchana, mbele ya watu. Nikikosea, nipigwe mimi badala ya Shomari."

"Unajua unachosema?"

"Nimekihesabu, Bwana Mkubwa."

Alhamisi saa sita misumeno ikazimwa. Bwana Kessel alikuwepo, uso mwekundu. Mafundi wa mbao walikuwepo, na wapishi, na vibarua waliokuwa wanapita tu. Sahani ya mita, ile inayozunguka mita ikihesabu, ilikuwa nyuma ya kioo, ina alama nyeusi pembeni, mtu aweze kuona inakoelekea. Gidion akaomba taa kumi zifungwe kwenye waya ya kwanza peke yake.

Taa zikawaka. Sahani ikaenda mbele, taratibu, kama inavyotakiwa.

Akahamishia taa waya ya pili. Sahani ikaenda mbele.

Hapo, alisema baadaye, alitamani kuishia hapo hapo. Kwa sababu ikiwa waya mbili ni nzima, basi jibu la koili mbili kufa limeanguka. Limebaki lile la pili. Lile la Bwana Kessel. Na ikiwa waya ya tatu nayo itakwenda mbele, basi yeye amekosea kabisa, na kesho yake mgongo utakaolala pale ni wake.

Akahamishia taa waya ya tatu.

Taa zikawaka. Sahani ikasita. Ikatikisika. Kisha ile alama nyeusi ikaanza kurudi nyuma, polepole, mbele ya macho ya watu wote. Mpishi mmoja akasema kwa sauti, "Inarudi kinyumenyume!" Na kila mtu akaona. Hapakuhitajika mishale wala mahesabu.

Mwenye kiwanda alimgeukia Bwana Kessel, wakasemezana Kijerumani maneno machache. Kisha Bwana Kessel akachukua bisibisi, akafungua skrubu mbili, akabadilisha waya zake, akafunga. Misumeno ikawashwa. Wiki ile juu zilitumwa uniti themanini na nane. Chini zilifika themanini na sita.

Shomari alifunguliwa jioni ile ile. Vile viboko ishirini na tano vya pili havikupigwa. Mnyororo haukuvaliwa.

Mngetamani niwaambie kwamba Gidion alipandishwa cheo. Hapana. Jumatatu aliambiwa meza haina kazi tena, akapelekwa kubeba magogo. Alibeba magogo miezi saba, mpaka Bwana Kessel akahamia Tanga na fundi mwingine akaja, akauliza ni nani aliyechora michoro safi namna ile. Bwana Kessel hakuomba radhi, si kwa Gidion wala kwa Shomari.

Na Shomari je? Nilimtafuta mwanawe, Mzee Jamaldini Shomari, ambaye ana duka la vifaa mjini. Alinikaribisha nyuma ya kaunta, akaniambia hivi:

"Baba alipotoka alikaa ndani wiki mbili, mgongo haujapona. Mzee Gidion alikuja na maziwa. Akasema, Shomari, nilijua Alhamisi, kabla hujapigwa. Nikaogopa. Aliyasema mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Baba akageukia ukutani. Alimwacha aondoke na kibuyu chake. Ulipita mwezi mzima. Halafu siku moja Baba akamfuata kule kwenye magogo, akamwambia, nifundishe hiyo mishale. Safari nyingine nataka nijitetee mwenyewe."

Jamaldini aliifuta kaunta kwa kiganja. Kisha akacheka. "Basi wakawa walimu wawili. Mimi nimefundishwa mishale kabla sijajua kuendesha baiskeli."

Shomari ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Gidion Koikai. Karani na mpanda nguzo walikaa kila Jumapili mchana, baada ya ibada ya mmoja, na kabla ya sala ya alasiri ya mwingine. Vita ikaja. Wote wawili walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Waliporudi, mtambo ulikuwa umevunjwa, nguzo zimekatwa kuni. Lakini walichokuwa nacho kichwani hakikuvunjwa. Umeme ulipokuja tena Arusha, miaka mingi baadaye, watu waliojua kuisoma mita ya fezi tatu, na kuieleza kwa Kiswahili, walikuwa hawazidi vidole vya mkono mmoja. Wawili kati yao ni hao.

Shomari alifariki mwaka 1949. Gidion aliendelea. Alifundisha Tengeru chini ya bati la stoo ya mahindi. Alifundisha Maji ya Chai kwenye ukuta wa kinu cha kusaga, kwa mkaa. Nalepo alijaribu kuhesabu waliopita mikononi mwake, akafika themanini na tisa, akachoka. Kila mmoja wao alitakiwa kuchora mishale mitatu kwa rula, asubuhi, kabla hajashika bisibisi. Ukichora ovyo unarudishwa. Kuna mhandisi mkubwa leo, sitamtaja, alirudishwa mara kumi na moja.

Na alikuwa na sharti moja alilolishika kuliko yote. Ukiona kasoro, sema siku ile ile. Usingoje kesho. Mafundi walidhani ni ukali wa uzee. Sasa na ninyi mnajua lilitoka wapi.

Nilimuuliza Mama Resiato, mumewe alikuwa mtu wa namna gani nyumbani. "Alikuwa anakiri haraka," akasema. "Akivunja kikombe, kabla hujageuka ameshasema ni mimi. Miaka hamsini na mitatu. Si kitu kidogo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya sisi sote hapa redioni, nawapa pole Mama Resiato, Mwalimu Nalepo na ndugu zake wote, wajukuu, usharika wa Oldonyo Sambu, na familia ya marehemu Shomari, ambayo ilikaa matanga pamoja nao tangu siku ya kwanza. Mungu awatie nguvu. Ampumzishe Mzee Gidion Koikai kwa amani.

Familia imenipa ujumbe mmoja niufikishe. Hawataki maua zaidi, kaburi limejaa. Wanaomba hivi. Kila fundi, kila karani, kila mwenye kuandika jina la mtu kwenye kitabu cha makosa, akumbuke mtu mmoja aliyekuja kulalamika akasema "si mimi," na wewe ukamfukuza kwa sababu namba zilikuwa mezani kwako. Mwalimu Nalepo amesema, mnamjua. Kila mmoja wenu anaye wake.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, mwendee. Fungua mita yake, utazame tena.